Mara Tatu Juu ya Chuma

Ko. Ko. Ko.

Chuma kiligonga chuma mara tatu, taratibu, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu. Ambilikile hakuona kitu. Alikuwa ameteremsha kofia ya kuchomelea hadi kidevuni, na kioo chake cheusi kilikuwa hakijapata hata cheche moja ya kukiangazia. Aliganda, fimbo ya kuchomelea mkononi. Baada ya ko ya tatu ikaja minyororo ikilia, mzigo mzito ukatua chini, kisha kukawa kimya.

Aliinua kofia, tayari kumkaripia yeyote aliyethubutu kuchezea meza yake. Karakana ilikuwa tupu na jua la saa nane mchana lilikuwa limelala juu ya mashine. Aliyesimama mbele yake ni Somoe tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kinasa sauti cha kizamani mkononi, waya wake ukiwa umechomekwa kwenye kofia ya Ambilikile bila ruhusa.

Somoe alimpa shikamoo ya haraka haraka, kisha akamuuliza amesikia nini.

Ambilikile alimwambia amesikia kelele.

"Ndivyo alivyosema na Daktari Mwasomola aliyesafisha rekodi," Somoe akajibu. "Basi sikiliza na kinachotangulia, kaka Ambi. Usikimbilie kuvua."

Akarudisha nyuma, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikajaa ndani ya kofia, sauti ambayo kila mwanafunzi wa Chuo cha Uhandisi cha Mbaka Juu aliijua kuliko ya mama yake mzazi. *Hesabu yako ni nzuri, kijana. Imenyooka. Inatosha.* Kisha: ko, ko, ko. Kisha minyororo.

Ambilikile akavua kofia. Hakutaka binti wa mwaka wa kwanza aone uso wake ulivyobadilika, kwa hiyo akaugeuzia ukutani na kujifanya anatafuta kitambaa.

* * *

Mhandisi Ndimbumi alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na jina lake, kwa Kinyakyusa, maana yake ni mimi ni mzima. Wanafunzi walilichezea jina hilo kila muhula, kwa sababu kweli mama yule alikuwa amekufa na hakuwa amekufa. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha kwa mguu, akipanda minara na kushuka mashimo, kinasa sauti kimebanwa kwenye kofia yake ngumu. Alipokwisha kuzikwa, Daktari Mwasomola alizikusanya rekodi zake zote, akazilisha kwenye mtambo, na mtambo ukajifunza kusema kama yeye; wakauita Sauti, na wakizungumza nao, Mama. Kila mwanafunzi alipewa kipuli cha kuvaa sikioni, na ndani ya kila kipuli mlikuwa na mlezi asiyechoka, asiyelala, asiyemsahau mtu jina.

Hesabu zenyewe zingeweza kufanywa na kompyuta ya mtoto wa shule. Kazi ya Sauti ilikuwa ile isiyofanywa na kompyuta: kuamua. Mwanafunzi alileta mchoro, vipimo vya udongo, urefu wa nondo, na Sauti ikaulinganisha mchoro huo na maelfu ya michoro ambayo Mhandisi Ndimbumi aliwahi kuisimamia akiwa hai. Ikiona pengo, iliuliza maswali. Isipoona, ilitamka neno moja, *inatosha*, na kazi ikajengwa. Wanafunzi wenyewe walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana:

Sauti ikishapita,
nani tena ataita?

Ambilikile ndiye aliyeutunga ubeti huo, akiwa mwaka wa pili, na aliupaka mwenyewe akiwa juu ya ngazi. Sasa alikuwa mwaka wa nne, msanifu wa njia ya waya ya kubebea watu, iliyovuka bonde la Mbaka hadi kijiji cha Itulwe, na mchoro wake wa nanga ya mnara wa nne, chuma na zege vilivyozikwa kuushikilia, ulikuwa wa kwanza katika historia ya chuo kupata *inatosha* bila swali hata moja. Neno hilo alilivaa kama wenzake wanavyovaa joho. Tena palikuwa na kubwa zaidi: Daktari alikuwa amemwahidi kwamba akihitimu, rekodi zake zitaingizwa kwenye mtambo, awe sauti ya pili. Vizazi vingemsikiliza Ambilikile.

Kulikuwa pia na desturi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa nne alimlea mmoja wa mwaka wa kwanza, na siku kazi ya mlezi inapofunguliwa, mwana ndiye aliyeipanda kwanza, pamoja na wenzake wa mwaka wake. Hivyo ndivyo mlezi alivyoonyesha kwamba anaiamini kazi yake. Njia ya waya ingefunguliwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mwana wake alikuwa huyu Mkilwa mwenye maswali yasiyoisha.

Maswali hayo hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Jumatatu Somoe alikuwa amemuuliza Mama swali moja mara tisa: kwa nini nanga ya mita nne inatosha kwenye udongo wa majivu ya mlima? Mara tisa Mama alimjibu kwamba inatosha. Alipomgeukia Ambilikile, Ambilikile alichoka, akamwambia kwa kejeli kwamba kama hamwamini Mama, basi aende chumba cha kumbukumbu akamsikilize mwenyewe, rekodi zote, tangu ya kwanza. Alikuwa anamfukuza. Somoe akaona amepewa kazi.

"Umesikiliza ngapi?" Ambilikile akamuuliza sasa, bado akiwa amemgeuzia mgongo.

Zote zenye neno hilo, Somoe akasema. Mhandisi alisema *inatosha* mara mia mbili na nane. Mara mia moja arobaini na saba baada ya neno kulikuwa na sauti ya spana ikiwekwa mezani, na watu wakaendelea na kazi. Mara sitini na moja kulikuwa na kugonga mara tatu, na kila baada ya kugonga, mzigo ulishushwa.

"Nyumbani bibi yangu ni mpiga ngoma wa unyagoni," akaongeza. "Neno la somo, anayemfunda mwari, halijatimia mpaka ngoma ijibu. Msichana akishika neno akaacha ngoma, bibi anasema amerudi nyumbani na ganda, muwa kauacha shambani. Mimi sikuweza kusikiliza neno tu, kaka Ambi. Sikulelewa hivyo."

Ambilikile alielewa kabla hajamaliza. *Inatosha*, umefanya vya kutosha. Na *inatosha*, koma hapo, usiniongezee uongo. Neno moja, na aliyekuwa karibu na Mhandisi alijua ni lipi kwa kusikiliza chuma. Mtambo haukuwahi kukisikia chuma. Daktari alikuwa amekifuta.

"Hii uliyonipigia ni nanga ya namna gani?" akauliza.

"Fupi. Mita nne. Udongo wa majivu." Somoe akakunja waya wake polepole. "Sasa niambie wewe mlezi wangu. Jumamosi nipande?"

Alimwambia atamjibu.

* * *

Ijumaa asubuhi alikwenda ofisini kwa Daktari Mwasomola na rekodi kumi alizozichagua. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo, na alizisikiliza zote kumi bila kumkatiza. Kisha akaeleza, bila hasira, kwamba alisafisha rekodi hizo kwa miezi kumi na minne kwa mikono yake. Kulikuwa na nyundo, mvua, mbwa, mtu akikohoa, na kama angeacha kila kitu mtambo usingejifunza kuzungumza hata leo. Kugonga ni kugonga. Huenda mama alikuwa anakung'uta tope kwenye spana.

"Mara sitini na moja, Daktari? Tena mara tatu tatu?"

Daktari alikwenda dirishani. Kutoka pale bonde lilionekana lote, na ng'ambo, mabati ya Itulwe yakimeta. Akamkumbusha Ambilikile jambo ambalo hakuna aliyehitaji kukumbushwa: kwamba mgonjwa wa Itulwe hubebwa kwa machela kwa muda wa saa nne, anashushwa hadi mtoni na kupandishwa tena, na masika yakikolea njia hiyo hufungwa kabisa.

"Ukisimamisha kesho, hatutaijenga tena mpaka Julai," akasema. "Kati ya leo na Julai atakufa mtu njiani. Labda mzazi. Utamwambia mumewe kwamba ulisikia spana?"

 Ambilikile aliomba nanga ijaribiwe, ivutwe kwanza kwa uzito wa mawe, kama ilivyokuwa zamani kabla ya Sauti. Daktari akasema mawe yaliachwa kwa sababu Sauti ilikuja, na kuyarudisha mbele ya wageni wote ni kuwaambia kwamba kila kilichojengwa kwa miaka sita hakiaminiki. Hakumkataza, hata hivyo.

"Mimi nimepitisha, Sauti imepitisha. Jina lililoandikwa kwenye mnara ni lako. Ukitaka kusimamisha, simamisha kwa mkono wako mwenyewe. Lakini ukisimamisha bure, Ambilikile, usinitegemee nikuweke kwenye masikio ya watoto wa watu."

Alitoka pale kichwa juu, kwa sababu hakujua kutembea namna nyingine. Mchana kutwa alishinda chini ya mnara wa nne, mvua nyepesi ikimlowesha. Alichukua udongo kiganjani akaufinya. Sampuli zake alizichukua Septemba, udongo ukiwa mkavu, na ulikuwa umemjibu kama mwamba. Sasa ulipita katikati ya vidole vyake kama uji. Alijua Septemba kwamba masika yangekuja. Hakujiuliza, kwa sababu Mama hakumuuliza.

* * *

Jumamosi walijaa watu kwenye jukwaa la kuondokea. Ng'ambo nako Itulwe yote ilikuwa imetoka, nguo nyeupe na khanga zikiwa zimepangana ukingoni. Kikapu cha chuma kilining'inia kwenye waya, kimepakwa rangi ya bluu, na ndani yake wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa kwanza, Somoe akiwa kiti cha mbele, mkanda umefungwa.

Hakuwa amepewa jibu. Kabla ya kupanda, alipopita mbele ya Ambilikile, alisimama kidogo, akamwambia kwa upole kwamba kwao mwari hashuki ngomani kabla somo wake hajasema, na kwamba atasubiri akiwa amekaa. Kisha akapanda. Ambilikile angependelea kofi.

Aligusa kipuli chake.

"Mama," akasema chini chini, "nanga ya mnara wa nne. Udongo umelowa. Kuna mahali ungegonga?"

"Sijaelewa swali lako, Ambilikile," Sauti ikamjibu, ya upole, ya karibu, jina lake limetamkwa vizuri kama kawaida. "Nanga ya mnara wa nne inatosha."

Kwenye winchi alikuwa mama Tusekile, mwanamke mnene mwenye buti la mpira na kipande cha muwa shavuni, aliyefanya kazi na Mhandisi Ndimbumi miaka kumi na tisa. Yeye hakuwa na kipuli; vipuli vilikuwa vya wasomi. Alikuwa akiwatania wanafunzi kwamba anayeogopa amwachie mahari yake. Daktari akamwashiria. Winchi ikaunguruma, na kikapu kikaanza kusogea, hatua moja, hatua mbili, bado kiko juu ya majani yaliyo mbele ya jukwaa. Bonde lilikuwa hatua kumi mbele.

Somoe aligeuka akamtazama. Hakuwa analaumu. Alikuwa anasikiliza.

Ambilikile alichomoa kipuli sikioni akakitia mfukoni. Akaokota spana kubwa iliyokuwa miguuni pa mama Tusekile, akasogea kwenye nguzo ya jukwaa, akagonga.

Ko. Ko. Ko.

Winchi ilizimika kabla mlio wa tatu haujaisha. Mama Tusekile alikuwa ameshavuta breki, ameshaegemea mpini wa nyuma, na kikapu kilikuwa kinarudi na kushuka juu ya majani, vyote hivyo kabla hajageuza kichwa kuona nani kagonga. Mikono yake ilikuwa imetii peke yake. Kisha akatema muwa.

"Miaka sita sijaisikia hiyo," akasema. "Nani kakufundisha?"

Ambilikile akamwonyesha Somoe, aliyekuwa anafungua mkanda. Akamuuliza mama Tusekile maana yake, mbele ya Daktari, mbele ya wageni, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Maana yake?" Mama Tusekile alimtazama kana kwamba ameulizwa maana ya mvua. "Mama akisema inatosha akaweka spana, tuna kazi. Akisema inatosha akagonga, tunashusha mzigo, na aliyechora anakwenda kulia chooni. Sisi sote tulijua. Hamkutuuliza."

 Ambilikile hakumngoja Daktari. Aliwaambia wanafunzi washuke, akaomba magunia ya mawe, na waliosita waliona mama Tusekile ameshavuta la kwanza. Walipakia magunia manane ya kilo hamsini hamsini. Kikapu kikaenda hadi katikati ya bonde, kikarudi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kijana amewachelewesha bure, na mgeni mmoja akatazama saa yake. Wakapakia kumi. Kikaenda, kikarudi. Jasho lilimtoka Ambilikile mgongoni, na, Mungu amsamehe, kuna sehemu ya moyo wake iliyokuwa ikiomba mawe yaishinde nanga.

Walipakia kumi na manne. Kilo mia saba, chini ya uzito wa wale kumi na wawili.

Kikapu kilikuwa hakijafika katikati ya bonde udongo uliposema. Haukulia sana. Ulitoa mguno, kama mtu anayegeuka usingizini, na nanga ya mnara wa nne ikachomoka kwenye mteremko taratibu, nzima, na zege lake lote, kama jino la mtoto. Mnara ukainama. Waya ukalegea, na kikapu cha bluu kikaenda na mawe yake hadi chini, ambako hapakuwa na mtu, na mlio wake ukapanda kwao baada ya muda mrefu sana.

 Ng'ambo, khanga zote zilikuwa zimesimama tuli.

* * *

Muuguzi wa Itulwe aliita kwa redio, na Ambilikile ndiye aliyepokea. Alimweleza kila kitu bila kupunguza: kwamba kosa ni la mchoro wake, kwamba njia haitafunguka kabla ya Julai, kwamba kuanzia Jumatatu wanafunzi wa mwaka wa nne watakuwa wanakaa mtoni kwa zamu kupokea machela na kuyapandisha. Muuguzi akauliza watakuwa wangapi. Alipoambiwa ishirini na wawili, alisema ndaga, asante, na kwamba angalau sasa watapata migongo ya vijana.

Daktari alimkuta Ambilikile amekaa kwenye ukingo wa jukwaa. Akaketi kando yake na shati lake lililonyooshwa, juu ya tope.

"Nilidhani nasafisha," akasema.

Baadaye akasema Sauti itazimwa leo, na kwamba kazi zote za miaka sita zitavutwa kwa mawe, moja baada ya moja, mama Tusekile akisimamia. Hakugusia ahadi ya sauti ya pili, na Ambilikile naye hakuiulizia. Alishangaa jinsi ambavyo haikumuuma. Jambo lililomuuma ni ule ubeti juu ya mlango. Aliamua kwamba kabla ya chakula atakuwa ameshaufuta, na hakutaka mtu amshikie ngazi.

Alipokuwa anasugua rangi, Somoe alikuja akasimama chini. Alishikilia ngazi hata hivyo. Akamuuliza ataandika nini mahali pake, naye akajibu kwamba bado mizani haijakaa, asimharakishe mshairi. Somoe akacheka. Kisha akafungua kiganja, akatazama kipuli chake, kilichokuwa kimya sasa, na akauliza swali alilokuja nalo.

"Sisi wa mwaka wa kwanza, tutamsikiliza nani?"

Ambilikile aliteremka ngazi mpaka akawa amesimama sawa naye. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa rangi hadi viwikoni.

"Mtatusikiliza sisi, na mtatuuliza mara tisa, na mara ya kumi tutakwenda kutazama udongo pamoja," akasema. "Na hili nakuahidi, Somoe, mama Tusekile yule pale ndiye shahidi wangu: siku yoyote utakayogonga mara tatu, hata kazi ikiwa yangu, hata niwe nimezeeka na jina langu limeandikwa kwenye kila mnara wa nchi hii, nitashusha mzigo kwanza. Kwa nini, nitakuuliza mzigo ukiwa umeshafika chini."